Lori la mafuta likilala Kyumvi

Nilifika Kyumvi, pale barabara ya Machakos inapokutana na ile kuu ya Mombasa, nikiwa na kipande cha mfereji wa paa, stuli, mshumaa, ndoo ya mchanga na kitambaa kilicholoweshwa petroli kiasi cha kijiko kimoja. Walionisubiri ni wauza machungwa, vijana wa boda boda na mama mmoja anayechoma mahindi kando ya lami. Niliegemeza mfereji kwenye stuli ukawa kama mteremko. Mshumaa unaowaka nikauweka chini kabisa, kitambaa nikakiweka juu, mbali na moto. Kisha nikarudi nyuma, nikawaomba wahesabu. Hawakufika kumi. Mwali wa samawati ulipanda mfereji mbio na kitambaa kikashika moto huku hakuna aliyekigusa. (Jaribio hili ni la mtu aliyefunzwa, tena mahali wazi. Usilifanye nyumbani.)

Yule mama akavunja kimya: "Mwalimu, na jiko langu je?"

Katika miaka yangu ya kufundisha habari za majanga ya barabarani, sijaulizwa swali lililo muhimu kuliko hilo.

Kinachowaka ni mvuke wa petroli kabla ya petroli yenyewe. Petroli hutoa mvuke wa kuweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo ubaridi wa alfajiri wa Machakos hauzuii lolote. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupai juu ukapotea kama moshi. Hutambaa chini, ukafuata mtaro, ukaingia kwenye kalvati, ukapenya chini ya mlango wa kibanda, ukielekea kule upepo na mteremko vinakoupeleka. Ukikutana na jiko, na injini ya pikipiki inayopigwa stati au na sigara, moto hurudi kwa njia ile ile hadi kwenye lori. Mama aliyeketi hatua 60 kutoka kwenye ajali, asiye na haja na tone la mafuta, anaweza kuwa ndiye mwenye kiberiti bila kujua.

Tumeyaona haya, na yametugharimu. Tarehe 31 Januari 2009 pale Sachangwan, karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja na mitungi, moto ukalipuka na kuua zaidi ya 100. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Julai 2010, lingine likapinduka Sange, Kivu Kusini, katika barabara ya kwenda Uvira. Huko walikufa zaidi ya 200. Tarehe 10 Agosti 2019 ikawa zamu ya Msamvu, Morogoro, na hapo pia waliokufa walipita 100. Kila mara husikia watu wakisema ni tamaa. Wapo walioteka mafuta, ni kweli. Lakini Sange kulikuwa na watu waliokuwa ndani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, moto ukawafuata huko huko. Mtu huyo utamwambia alikuwa na tamaa gani? Naamini tulichokosa ni maarifa ya jambo moja, umbali. Kila mtu anajua petroli huwaka, ila wachache wameonyeshwa kwamba huwaka kutoka mbali.

Kaunti ya Machakos inabeba sehemu nzito ya barabara hii. Malori huanza kusongamana Mlolongo, mji ambao jina lake lenyewe ni foleni, yakapita Athi River na Lukenya hadi Kyumvi, na kila kituo kina watu wanaoishi kwa kuuza kitu dirishani. Mwaka 2014 kaunti ilinunua magari 70 ya wagonjwa kwa mkupuo, na hospitali ya rufaa ya Level 5 iko mjini Machakos. Hayo ni mambo mema. Lakini gari la wagonjwa au la zimamoto, hata likiwa jipya, lina safari ya kufika. Kati ya lori kulala na msaada kufika kuna dakika ambazo mamlaka yote yako mikononi mwa muuza machungwa. Yeye ndiye idara ya dharura kwa wakati huo, nasi hatujampa hata somo la saa moja.

Somo lenyewe linaingia kichwani upesi. Kwanza, soma sahani ya rangi ya machungwa iliyo nyuma na ubavuni mwa lori. Nambari ya juu hueleza aina ya hatari, ya chini hutaja shehena: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1965 ni gesi ya kupikia. Ukiisoma kwa mbali umeshawasaidia zimamoto kuchagua vifaa kabla hawajatoka kituoni. Na usidhani hatari ni matangi peke yake. Mei 2024, kule Kiambu, lori lililobeba mapipa ya sayanidi lilipata ajali na baadhi ya mapipa yakatoweka, serikali ikabaki kuwasihi watu wasiyaguse.

Pili, umbali. Mwongozo unaotumiwa na vikosi vya Amerika Kaskazini unataka mita 50 kila upande petroli inapovuja bila moto, na 300 kule upepo unakoelekea ikiwa imemwagika nyingi. Tangi la petroli likiungua ni mita 800. Likiwa la gesi ni 1,600, kwa sababu tangi la gesi lililochemshwa na moto hupasuka na kurusha vipande vya chuma mbali sana. Niliwapeleka wale vijana wakapime mita 300 kwa hatua zao. Walipogeuka na kuona soko lao limekuwa dogo kule nyuma, walinyamaza.

Jiko huzimwa kwa mchanga pale pale, mvuke ukiwa bado haujafika. Harufu ikishafika, liache, ondoka ukikabili upepo. Pikipiki isipigwe stati. Isukumwe.

Na dereva aliyebanwa? Hapa sina jibu jepesi, na sitaki kumdanganya mtu. Waende wawili, kutoka upande upepo unakotoka, simu zikibaki nyuma. Kama anaweza kutolewa, mtoeni, maana moto hausubiri shingo ifungwe. Kama hakuna kinachovuja, msimvute: mshikeni kichwa kisitikisike, bonyezeni kidonda kinachotoka damu, msubiri wenye machela. Wale ishirini wengine wasije. Umati ndio unaogeuza ajali ya watu wawili kuwa msiba wa mamia, na hata wahalifu wanalijua hilo. Machi 2012, waliorusha maguruneti katika kituo cha mabasi cha Machakos jijini Nairobi walichagua mahali ambapo abiria wamebanana wakisubiri gari.

Tatu ni simu. Polisi ni 999 au 112, Msalaba Mwekundu ni 1199. Hapa ndipo tunapoteza muda mwingi, kwani mtu hupiga kelele, "Kuna ajali Mombasa Road!" na kukata. Toka Athi River hadi Kyumvi njia zimetenganishwa, hivyo gari la zimamoto likija upande usio wake litayaona moto likiwa halina pa kugeukia. Polisi mwenye rungu hawezi peke yake kuuzuia umati, na asiyeelekezwa vizuri hafiki kabisa.

Tulifanya mazoezi ya simu hiyo mchana kutwa. Wengi walisahau upande, wengine walisahau upepo. Mwisho akasimama mama wa mahindi, mkono mmoja sikioni kama ameshika simu, mwingine ukimwaga mchanga kwenye jiko lake:

"Niko Kyumvi, makutano ya Machakos, upande wa kwenda Mombasa. Lori la mafuta limelala, linavuja, halijawaka. Sahani inasema 33 juu, 1203 chini. Dereva yuko ndani na anaongea. Upepo unaelekea sokoni, na sisi tunaondoka."