Divai Nyekundu: Je, Huongeza Damu na Kulinda Moyo?



Katika semina za afya tunazoendesha sharikani, swali moja halikosekani. Mama mjamzito ameambiwa kliniki kuwa damu yake ni kidogo. Akifika nyumbani, shangazi au jirani anamshauri anywe glasi ya divai nyekundu ya Dodoma kila jioni ili damu ipande. Mzee mwenye shinikizo la damu naye amesikia kuwa divai hiyo hiyo ni dawa ya moyo. Wapo pia wanaotaja ushauri wa Mtume Paulo kwa Timotheo. (Paulo alizungumzia tumbo na magonjwa ya mtu mmoja, kuongeza damu hakukutajwa.)

Tuanze na damu, maana hapa ndipo tunapopoteza zaidi. Imani hii imetokana na rangi tu. Upungufu wa damu kwa akina mama wetu huletwa hasa na ukosefu wa madini ya chuma, malaria na minyoo, na divai haiondoi hata kimojawapo. Glasi moja ina chini ya miligramu 1 ya madini ya chuma, wakati mjamzito anahitaji takriban 27 kwa siku. Vidonge vya kliniki vyenye madini ya chuma na foliki asidi humpa miligramu 30 hadi 60 kwa siku. Isitoshe, divai nyekundu ina tanini, kitu kile kile kinachokausha mdomo unapokunywa chai ya rangi iliyokolea. Tanini huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharage na mboga za majani. Na kilevi hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto tumboni, kinaweza kudhuru ubongo wake kwa maisha yote. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito.

Habari ya moyo ina historia ndefu kidogo. Mwaka 1991 kipindi cha televisheni ya CBS huko Marekani kilieleza kuwa Wafaransa wanakula siagi na jibini kwa wingi lakini wanaokufa kwa maradhi ya moyo ni wachache, na sifa ikapewa divai nyekundu. Mauzo yakapanda haraka. Mwaka 1992 mtafiti Serge Renaud na mwenzake waliandika hoja hiyo katika jarida la The Lancet. Baadaye ikasifiwa resveratroli, iliyomo katika ganda la zabibu, baada ya utafiti wa mwaka 2006 kuonyesha kuwa iliwasaidia panya waliolishwa mafuta mengi. Ila kwa kipimo kile cha panya, mtu angehitaji mamia ya chupa kwa siku! Na mwaka 2014 utafiti wa wazee wa eneo la Chianti, Italia, haukuona kuwa wenye resveratroli nyingi mwilini waliishi zaidi ya wenzao.

Basi kwa nini tafiti nyingi za zamani zilionyesha wanywaji wa kiasi wakiwa na afya njema? Kundi la wasiokunywa lilichanganywa na watu walioacha pombe kwa sababu tayari ni wagonjwa. Pia wanunuzi wa divai huko Ulaya hula vizuri zaidi: utafiti wa Denmark wa mwaka 2006 ulikuta wananunua matunda na mboga nyingi kuliko wanunuzi wa bia. Ubishi juu ya glasi moja haujaisha kabisa miongoni mwa wataalamu, lakini pombe hupandisha shinikizo la damu na husababisha saratani, ikiwemo ya matiti. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kuwa hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Mzee wetu asiache vidonge vyake.

Kikombe cha Meza ya Bwana hakimo katika mjadala huu. Ni mkupuo mdogo tu, na mama anayesita amweleze mchungaji wake.

Kwa wafadhili wetu: kazi hii haihitaji jengo wala mashine, inahitaji nauli ya mkunga. Nazo kamati za sharika tunaziomba zimpe mkunga huyo dakika kumi baada ya ibada, na waalikwe pia akina shangazi na bibi, maana wao ndio wanaosikilizwa nyumbani.