Soketi Iliyolipua Kombora

Hebu fikiria shimo refu la saruji, kina chake mita 45 hivi. Ndani yake limesimama kombora la mita 31, refu kama jumba la ghorofa kumi. Juu pana mlango wa tani 740. Mashimo kama hayo Marekani ilichimba 54 katika majimbo ya Arizona, Arkansas na Kansas, na kuanzia 1963 yakawekwa makombora ya Titan II, tayari kurushwa Urusi wakati wa Vita Baridi.

Kwa nini ardhini? Ili adui akishambulia kwanza, kombora lisalimike na kujibu. Tena lijibu upesi! Makombora ya awali yalijazwa mafuta kabla ya kurushwa, kazi iliyokula dakika nyingi. Titan II ilikaa na mafuta yake tumboni mwaka mzima, ikaweza kuondoka kwa muda usiozidi dakika moja. Wanajeshi wanne walikesha zamu, na wawili walihitajika kuzungusha funguo pamoja.

Lakini mafuta hayo, jamani, yalikuwa balaa. Yalikuwa ya aina mbili katika matangi mbalimbali, na yakigusana tu, moto! Hayahitaji hata kiberiti.

Jioni ya tarehe 18 Septemba 1980, karibu na mji wa Damascus, Arkansas, fundi mmoja aliponyokwa na soketi ya spana yenye uzito wa karibu kilo 4. Ikaanguka zaidi ya mita 20, ikadunda, ikatoboa tangi. Mafuta yakaanza kufoka. Watu wa jirani wakahamishwa. Usiku wa manane askari wawili wakatumwa ndani kupima mvuke. Walikuwa wametoka tu, mnamo saa tisa, shimo likalipuka! Ule mlango wa tani 740 ukarushwa kando kama kifuniko cha sufuria. Mmoja wa wale wawili, maskini, alifariki. Wengine 21 waliumia.

Na bomu lenyewe? Lilikuwa na nguvu kama mara 600 za lile la Hiroshima. Lilitupwa nje, likaokotwa karibu na lango, halijalipuka.

Titan II ya mwisho iliondolewa kazini 1987. Mashimo yakabomolewa, ila moja karibu na Tucson, Arizona, ambalo ni jumba la makumbusho. Kombora lililomo halina mafuta wala bomu, na mlango uliachwa nusu wazi ili setilaiti za Urusi zichungulie na kuhakikisha.