Kabla hujamwita fundi, uliza upepo unatoka wapi

Msomaji wangu, wiki hii tuiache zahanati kidogo, twende kiwanjani. Kama unajenga, unajiandaa kujenga, au unaishi kwenye nyumba ambayo bado "inaendelea kumaliziwa", makala haya ni yako.

Tuanzie Mbegani, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, pale penye chuo cha uvuvi. Wanaotoka Dar es Salaam wananunua viwanja, na wenyeji wanabomoa nyumba za miti na udongo ili wapandishe tofali za saruji na bati. Ni hatua nzuri, na hakuna wa kumlaumu mtu kwa kutaka nyumba imara.

Lakini hebu ingia kwenye nyumba ya namna hiyo saa nane mchana, mwezi wa Februari. Bati limeshika moto, dari hakuna, dirisha ni dogo na liko upande usiopata upepo. Usiku ukuta bado unatoa joto uliloshiba mchana. Mtoto anatokwa jasho, analia, na mama anakunja chandarua pembeni ili apate hewa. Wiki mbili baadaye mtoto ana homa, kipimo kinasema malaria. Tutamlaumu mama kwa kutotumia chandarua, wakati nyumba yenyewe ndiyo iliyomfanya akiondoe.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane: nyumba ni sehemu ya tiba. Na mengi yanayoifanya ikulinde na magonjwa ndiyo hayo hayo yanayopunguza mzigo kwa mazingira.

Mbu anapita wapi?

Mbu wa malaria huvutwa na harufu ya mwili na hewa tunayoitoa tunapopumua. Akifika ukutani huruka kwenda juu, na pale juu hukuta mwanya ulioachwa kati ya ukuta na paa. Huo ndio mlango wake mkuu.

Wengi huuziba mwanya huo kwa saruji. Mbu wanapungua, lakini hewa nayo inakwama, nyumba inakuwa tanuri, na chandarua kinatupwa pembeni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu uzibe kwa wavu, ili mbu azuiwe na upepo upite.

Ushahidi umetoka hapa hapa nyumbani

Bagamoyo si mgeni katika vita dhidi ya malaria. Chanjo za RTS,S na R21 zote zilifanyiwa majaribio hapa na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara. Lakini utafiti wa nyumba tutaufuata kwa majirani zetu wa pwani.

Katika kijiji cha Magoda, wilayani Muheza, Tanga, watafiti walijenga nyumba sita za mfano zenye kuta zinazopitisha hewa na nyavu za kuzuia mbu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Ikilinganishwa na nyumba za kawaida za kijijini, nyumba mpya za chini zilikuwa na mbu pungufu kwa asilimia 77, na za ghorofa moja kwa asilimia 96. Hata nyumba za zamani zilizorekebishwa tu zilipunguza mbu kwa asilimia 43. Na zile za ghorofa zilikuwa na ubaridi zaidi kwa nyuzi joto zipatazo mbili.

Baadaye zikajengwa nyumba 110 katika vijiji vya Mtwara, zikagawiwa kwa kura. Vyumba vya kulala viko juu, madirisha yana nyavu, jiko linatoa moshi nje, maji ya mvua yanavunwa, choo hakiruhusu nzi. Watoto walifuatiliwa kwa miaka mitatu. Malaria ilipungua kwa takriban asilimia 44, kuhara kwa asilimia 30, na maambukizi ya njia ya hewa kwa asilimia 18. Hiyo ni kazi ya nyumba.

Wazee walijua, ila si yote ya kurudia

Nenda Kaole, jirani na Mbegani, ukaangalie magofu ya misikiti na makaburi ya tangu karne ya 13. Kuta nene za mawe ya matumbawe hukawia kupata joto. Wenye nyumba za makuti nao walilala kwenye ubaridi bila feni.

Hata hivyo tusidanganyane. Mawe yale yalitoka kwenye matumbawe, chokaa ilichomwa kwa magogo mengi, na boriti zilikatwa kwenye mikoko. Tukifanya hivyo sote leo, ufukwe utabaki mtupu. Mikoko inavunja nguvu ya mawimbi, na ndani yake hukulia kamba na samaki tunaowala. Ukiletewa boriti za mikoko, dai kibali cha uvunaji. Kama hakipo, usinunue.

Saruji nayo ina gharama yake. Utengenezaji wake duniani huzalisha karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa. Hatuwezi kuiacha, ila tunaweza kuipunguza. Kuna tofali za kufungamana, zinazoshindiliwa kwa mashine kwa udongo na saruji kidogo. Hazichomwi kwa kuni na hazihitaji udongo mwingi wa kuunganishia. Na shimo la udongo au mchanga lifukiwe kazi ikiisha, lisije likawa bwawa la mbu nyuma ya nyumba.

Ufanye nini kwenye kiwanja chako?

*Elekeza nyumba vizuri.* Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, zile fupi zipokee jua la asubuhi na jioni. Bahati nzuri, kusi na kaskazi zitaingia kwenye madirisha yako bila malipo. Kila chumba kiwe na matundu mawili yanayotazamana, dirisha kwa dirisha au dirisha kwa mlango, ili upepo uingie na kutoka.

*Weka kivuli na dari.* Refusha paa lifunike ukuta na dirisha. Chagua bati la rangi nyeupe au ya kung'aa, na chini yake weka dari. Usikate kila mti uliokuta kiwanjani. Mwembe au mkorosho, ukiwa mbali kidogo na msingi, ni feni isiyodai umeme.

*Weka nyavu.* Madirisha yote, matundu yote ya juu, na mlango ujifunge wenyewe.

*Toa moshi.* Jiko liwe pembeni au liwe na bomba la moshi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Wewe usisubiri mwaka huo kama uwezo wa gesi au jiko banifu unao sasa.

*Vuna maji, lakini yafunike.* Maji ya mvua yanapunguza safari za kisimani. Simtanki likiwa wazi, hata hivyo, huzalisha mbu wa dengue, anayeuma mchana. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019.

*Choo kiwe mbali na kisima.* Angalau mita 30, na kisiwe upande wa juu wa kisima. Ufukweni maji ya ardhini yako karibu, hivyo shimo refu linaweza kuyachafua haraka.

Na kama umeshajenga?

Usikate tamaa, na usibomoe. Anza na chumba kimoja, kile wanacholala watoto. Weka wavu dirishani na juu ya ukuta, fungua tundu la pili la hewa, weka dari ukipata fedha. Mwaka ujao endelea na chumba kingine. Jumlisha nauli za zahanati, dawa na siku za kazi ulizopoteza mwaka jana, kisha linganisha na bei ya mita chache za wavu.

Nimalizie na tahadhari. Nyumba nzuri haiondoi chandarua. Inakufanya ulale ndani yake bila kuhangaika. Mtoto akipata homa, apimwe ndani ya saa 24, hata kama nyumba yako ina nyavu pande zote.

Kwa hiyo kabla hujamlipa fundi, simama katikati ya kiwanja chako asubuhi, simama tena jioni. Sikia upepo unatoka wapi, angalia kivuli kinaangukia wapi. Kisha ndipo uchore ramani.