Akina dada, jipimeni kabla ya kununua baiskeli

Siku nilipoileta nyumbani baiskeli yangu ya kwanza ya mbio, ile aina yenye magurudumu membamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, majirani walitoka nje kuitazama. Ilikuwa nyekundu, nyepesi, na ilikuwa imetumika kidogo tu ng'ambo kabla ya kufika Nairobi. Nilipomwambia muuzaji kwamba usukani uko mbali, alicheka. "Utazoea, madam," akasema.

Sikuzoea. Baada ya majuma matatu, vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vilikuwa vikifa ganzi kabla sijamaliza kilomita 10. Shingo ilikakamaa. Isitoshe, kuna mahali pengine palipouma ambapo mwanamke haoni rahisi kumtajia fundi wa baiskeli. Nilidhani kosa ni la mwili wangu. Kumbe fremu ilikuwa ya sentimita 54, nami urefu wangu ni futi tano na inchi mbili tu!

Akina dada wanaopenda mchezo huu wanazidi kuonekana barabarani alfajiri, na mashindano ya dunia yaliyofanyika Kigali, Rwanda, Septemba 2025, yakiwa ya kwanza ya aina yake barani Afrika, yaliwatia wengi hamu. Lakini ukienda kutafuta baiskeli, hasa ya mitumba, nyingi utakazozikuta ni za watu warefu. Ndiyo maana yafaa ujipime nyumbani kabla ya kutoa pesa.

Vua viatu, usimame ukiegemea ukuta. Weka kitabu chenye jalada gumu katikati ya miguu, ukipandishe hadi kikubane kama kiti cha baiskeli kingefanya, kisha mtu akupimie kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu. Tuseme umepata sentimita 75. Zidisha kwa 0.65 nawe utapata karibu 49, na hiyo ndiyo saizi ya fremu ya kuanzia kutafuta, ikiwa chuma chake cha juu kimelala sawa. Zidisha tena 75 kwa 0.883 upate 66. Huo ndio urefu wa kukadiria kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi juu ya kiti. Hesabu hii ya pili ilipata umaarufu kupitia bingwa wa Marekani, Greg LeMond. Ni makadirio tu, lakini yatakuokoa na maneno matamu ya wauzaji.

Dukani, simama ukiwa umeipanua miguu juu ya chuma cha juu. Pasipobaki nafasi ya sentimita mbili au tatu, iache baiskeli hiyo. Halafu kaa, ushike usukani. Viwiko vikinyooka kabisa na mabega yakivutwa mbele, fremu ni ndefu mno kwako. Kiti chaweza kupandishwa au kushushwa kwa spana moja. Urefu wa fremu haubadiliki, na kuusogeza usukani nyuma kwa kubadilisha shingo yake husaidia kidogo tu.

Jaribu breki pia, jambo ambalo wengi hulisahau. Mikono ya wanawake wengi ni midogo, na vishikio vya breki vikiwa mbali utabonyeza kwa ncha za vidole. Matatu ikisimama ghafla mbele yako, ncha za vidole hazitatosha. Breki nyingi za kisasa zina skrubu ndogo ya kukisogeza kishikio karibu. Mwambie fundi aikaze hapo hapo, usikubali kuambiwa urudi kesho.

Sasa tuje kwenye kiti, ambacho ndicho huwafanya wengi waiache baiskeli stoo. Uzito wa mwili wapaswa kukaliwa na mifupa miwili ya makalio. Kwa wanawake, mifupa hiyo kwa kawaida imeachana zaidi kuliko kwa wanaume. Kiti kikiwa chembamba, nyama laini za katikati ndizo hubeba mzigo, mishipa ya fahamu na ya damu hubanwa, na ganzi huanza. Kalia kipande cha katoni juu ya ngazi ya saruji kwa dakika moja, kisha upime umbali wa vishimo viwili vitakavyobaki. Mwonyeshe muuzaji kipimo hicho. Na usidanganyike na kiti kinene kama mto, kwani mifupa huzama na nyama zile zile hubanwa tena. Kile chenye uwazi katikati huwafaa wengi.

Makalio kuuma siku za kwanza ni kawaida. Ganzi si kawaida. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma kwa nyuma, huenda kiko juu. Rekebisha kidogo kidogo, nusu sentimita kwa mara. Kaptura ya baiskeli yenye pedi huvaliwa bila chupi, kwa sababu mishono huchubua ngozi. Ukiona uvimbe, kidonda kisichopona, damu kwenye mkojo au ganzi inayoendelea baada ya kushuka, mwone daktari bila kuona haya.

Je, utafute baiskeli iliyoandikwa "ya kike"? Mwaka 1985 mhandisi wa Marekani, Georgena Terry, alianzisha kampuni ya kuunda baiskeli za wanawake, nyingine zikiwa na gurudumu la mbele dogo ili fremu iwe fupi. Siku hizi baadhi ya watengenezaji wameacha fremu za kike, wakatengeneza saizi ndogo zaidi za fremu ya wote. Kwa maoni yangu, rangi ya waridi haikupunguzii maumivu. Soma namba iliyo kwenye fremu.

Mimi sasa naendesha ya sentimita 48, ya kijivu, isiyotazamwa na jirani yeyote. Ile nyekundu nilimpa kaka yangu, mwenye futi tano na inchi tisa. Huenda nayo kazini kila siku na hajalalamika hata mara moja.