Wadukuzi wanavyoweza kukuacha gizani, na kinga isiyohitaji mabilioni

Umezoea kununua umeme kwa simu: unalipa, meseji inaingia, unabonyeza tarakimu 20 kwenye mita, taa zinawaka. Sasa fikiria pesa ipo, simu ina chaji, lakini tokeni hainunuliki kwa sababu kuna mtu amezifunga kompyuta za shirika la umeme.

Hilo liliwakuta wakazi wa Johannesburg, Afrika Kusini, Alhamisi ya Julai 25, 2019. City Power, kampuni ya umeme ya jiji hilo, ilitangaza kuwa kirusi kimefunga kanzidata zake, programu zake na mtandao wake wa ndani.

Kirusi cha aina hii huvuruga mafaili yote yasisomeke, kisha wahalifu hudai pesa ili wayafungue.

Ilikuwa msimu wa baridi, na tarehe 25 ni siku ambayo wafanyakazi wengi nchini humo hupokea mshahara. Wateja wa malipo ya kabla walishindwa kununua uniti, tovuti haikufunguka, na hata kushughulikia taarifa za hitilafu kukawa kwa shida.

Mbona wengine hawakukosa umeme?

Mita nyingi za malipo ya kabla hazijaungwa na intaneti. Seva ya shirika hutengeneza tokeni kwa kutumia namba ya siri ya mita yako, na mita huikagua yenyewe unapoiingiza.

Kwa hiyo mwenye uniti aliendelea kupika na kupiga pasi kama kawaida. Aliyeishiwa ndiye aliyekwama. Umeme ulikuwepo kwenye nyaya, ila duka la kuuzia ndilo lilikuwa limefungwa.

Kenya nayo ilionja hali inayokaribiana na hiyo Julai 2023, mfumo wa huduma za serikali wa eCitizen uliposhambuliwa. Safari hiyo wadukuzi walitumia mbinu ya kuufurika mfumo kwa maombi mengi hadi ukalemewa. Malipo ya umeme yalikuwa miongoni mwa huduma zilizovurugika wakati huo.

Ukraine: mshale ulitembea wenyewe

Kufungwa kwa mauzo ni kero. Kibaya zaidi ni wadukuzi kuzifikia swichi zenyewe.

Desemba 23, 2015, wafanyakazi wa kituo kimoja cha kuongoza umeme nchini Ukraine waliona mshale wa kompyuta ukitembea bila wao kugusa kitu. Ulikuwa unazima vituo vya kupozea umeme, kimoja baada ya kingine. Kampuni tatu za usambazaji zilishambuliwa na wateja wapatao 225,000 wakakosa umeme.

Wadukuzi walikuwa wameingia miezi kadhaa kabla, kupitia barua pepe zilizoambatanishwa na faili lililoonekana la kawaida. Mfanyakazi akifungua faili na kukubali kibonyezo kimoja, mlango umeshafunguka. Wakaiba maneno ya siri na kuingia nayo kama wafanyakazi halali, maana hakukuwa na hatua ya pili ya kuwathibitisha. Siku ya tukio walifurika pia simu za huduma kwa wateja, ili watu wasiweze kutoa taarifa.

Umeme ulirudi ndani ya saa chache tu. Mafundi walipanda magari, wakaenda vituoni na kuwasha swichi kwa mkono.

Funzo kwa nchi zenye kipato kidogo

Mashirika mengi katika nchi zinazoendelea yako njiani kutoka kwenye swichi za mkono kwenda kwenye kompyuta. Mitambo ya zamani imeungwa na mifumo mipya, wataalamu wa usalama ni wachache, na mara nyingi kampuni iliyouza mtambo huingia kuurekebisha kutoka nje ya nchi kwa intaneti.

Habari njema ni kwamba kinga kubwa haianzii kwenye vifaa vya bei mbaya:

- Kutenganisha mitandao. Kompyuta ya kusomea barua pepe isiwe na njia ya moja kwa moja kwenda kwenye kompyuta inayozima na kuwasha umeme.
- Uthibitisho wa hatua mbili. Neno la siri likiibwa, mwizi bado akwame mlangoni. Hata fundi wa nje afunguliwe njia anapohitajika tu, kisha ifungwe.
- Nakala za akiba nje ya mtandao. Kirusi kikifunga mafaili, shirika lina pa kuanzia bila kumlipa mhalifu. Nakala hizo zijaribiwe, maana isiyofunguka siku ya shida haina faida.
- Mafunzo kwa wote. Mhasibu na katibu muhtasi wajifunze kutambua barua ya mtego, sawa na mhandisi.
- Mazoezi ya kuendesha kwa mkono. Mafundi wanaojua swichi za zamani wakistaafu bila kurithisha ujuzi, kinga iliyoisaidia Ukraine inaondoka nao.

Shirika dogo lisiloweza kuajiri kikosi chake linaweza kushirikiana na mengine kugharimia wataalamu. Masharti ya usalama nayo yaandikwe kwenye mkataba kabla mtambo haujanunuliwa. Kuja kuyaongeza baadaye ni gharama zaidi.

Na wewe mteja?

Usisubiri mita ianze kupiga kelele ndipo ununue. Weka uniti za siku chache mbele. Mfumo ukiwa chini, jihadhari na anayekupigia akidai atakusaidia kupata tokeni, kwani matapeli hupenda wakati kama huo. Nunua kwa njia rasmi tu, na namba yako ya siri ya pesa za simu usimpe mtu, hata akijitambulisha kuwa ni wa shirika la umeme.