Fundi wa Paa na Ahadi ya Maandishi

Paa linaloezekwa Singida mwezi Septemba hupata mtihani wake kabla ya Krismasi. Sehemu kubwa ya mkoa ni uwanda ulio wazi, na upepo wake unajulikana kiasi kwamba wawekezaji wa umeme wa upepo wamekuwa wakiutolea macho kwa miaka mingi. Mvua zinapoanza Novemba au Desemba, dhoruba hutangulia matone. Ndani ya robo saa mwenye nyumba anajua kama fundi wake alifunga mabati au aliyalaza tu.

Pamoja na hayo, mafundi wengi wa kuezeka bado wanashindania bei peke yake. Mteja anauliza, "Nyumba nzima utanifanyia kwa kiasi gani?" na anayetaja kidogo ndiye anayepewa kazi. Simlaumu mteja. Akisimama chini hawezi kuona urefu wa skrubu, wala kama papi, yaani mbao zinazoshika mabati, zimefungwa kwenye kenchi, fremu inayobeba paa, au zimegongewa msumari mmoja mmoja. Mafundi wawili wanaonekana sawa machoni pake, basi anachagua kwa kitu pekee anachokiona, ambacho ni bei. Fundi mzuri anapoteza kazi kwa sababu ubora wake umefichika juu ya dari.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof aliandika kuhusu tatizo la namna hii katika soko la magari yaliyotumika: muuzaji anajua ubovu wa gari, mnunuzi hajui, na mwishowe magari mazuri yanaondoka sokoni kwa sababu hakuna anayekubali kuyalipia. Alitaja waranti kuwa mojawapo ya dawa, na mwaka 2001 akawa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hoja yake inaingia vizuri kwenye kuezeka. Ahadi ya miaka 5 ya kurudi kurekebisha bure ina gharama ndogo kwa fundi anayefunga vizuri, kwa kuwa ataitwa mara chache. Kwa fundi mbovu ni ufilisi. Ndiyo maana ahadi hiyo, ikiandikwa na kusainiwa, inamwambia mteja jambo ambalo maneno matupu hayawezi kumwambia.

Kuna mkanganyiko hapa unaowagharimu watu. Mabati ya rangi kutoka viwanda vikubwa mara nyingi huja na waranti ya kiwanda ya miaka mingi, na mteja akionyeshwa karatasi hiyo dukani hudhani paa lake limekingwa. Kiwanda kinaahidi kuhusu bati: kwamba halitatoboka kwa kutu wala rangi haitapauka kupita kiasi ndani ya muda fulani. Kina msingi wa kuahidi hivyo. Tabaka la aluminiamu na zinki linalotumika kwenye mabati mengi ya siku hizi, lenye takriban asilimia 55 ya aluminiamu, limekuwa sokoni duniani tangu mwaka 1972 na tabia yake inajulikana. Lakini bati likiruka na kuangukia shamba la alizeti la jirani, kiwanda hakihusiki. Tena aliyekata bati la rangi kwa grainda badala ya mkasi ameunguza tabaka hilo na kutawanya chembe za chuma zinazoanzisha kutu, na hapo hata waranti ya kiwanda inaweza kukataliwa. Nyumba zilizo karibu na maji ya chumvi, kama yale ya ziwa Singidani, zinahitaji masharti ya kiwanda yasomwe mstari kwa mstari kabla ya kununua.

Pengo liko kwenye ufungaji, na hapo ndipo fundi wa Singida ana nafasi ya kujitofautisha.

Nguvu ya upepo anayoahidi kuikabili inaweza kukadiriwa. Upepo wa kilomita 108 kwa saa, ambao dhoruba kali inaweza kuufikia, una mgandamizo wa karibu kilo 55 kwa kila mita ya mraba. Unapopita juu ya paa kwa kawaida haulisukumi chini. Unalivuta kwenda juu, na mvuto huo ni mkali zaidi pembezoni na kwenye kona. Bati la geji 30 lina uzito wa kama kilo 3 tu kwa mita ya mraba. Kilichobaki chote kinashikwa na skrubu, papi, kenchi na lenta, ule ukanda wa zege juu ya ukuta. Wazee wa Kinyaturu na Kigogo walilijibu tatizo hili kwa tembe: paa bapa la miti na udongo ambalo uzito wake wenyewe uliutuliza upepo, na likivuja mwenye nyumba alipanda akaongeza udongo. Bati limeleta faida nyingi, lakini ujuzi wa kulitunza umehamia kwa fundi, na fundi akimaliza kazi huondoka nao.

Jua nalo lina kazi yake. Bati la mita 6 likitoka kwenye baridi ya alfajiri ya Julai hadi joto la saa saba mchana, tofauti ya nyuzi 40 hivi, hurefuka karibu milimita 3, kisha hurudi usiku. Hilo hutokea kila siku. Msumari wa bati hulegea taratibu na tundu lake hupanuka. Skrubu yenye mpira mzuri huvumilia zaidi, mradi haikukazwa mpaka mpira ukapasuka. Ndiyo maana paa linaweza kupita msimu wa kwanza bila tone na kuanza kuvuja mwaka wa tatu. Waranti ya miezi 6 inaisha kabla kasoro halisi hazijajitokeza. Ninaona miaka 5 ndiyo muda wenye maana.

Ukarimu huo unalipika. Tuchukue mfano wa fundi anayeezeka nyumba 50 katika miaka 5, kila moja kwa ufundi wa shilingi 900,000. Tuseme nyumba 10 zinamrudisha kwa uvujaji, kila safari shilingi 60,000. Nyumba moja inamharibikia vibaya na kumgharimu 900,000. Na anaikagua kila nyumba mara moja baada ya mvua za kwanza kwa nauli ya 10,000. Jumla ni shilingi milioni 2, yaani 40,000 kwa nyumba, chini ya shilingi 5 katika kila 100 anazolipwa. Aziongeze kwenye bei waziwazi na aziweke kwenye akaunti ambayo haiguswi kwa karo wala kwa msiba. Fundi asiyetenga fedha hizo amewaahidi watu kitu asichokuwa nacho.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni namna waranti inavyoibadilisha kazi yenyewe. Kwa kawaida fundi wa paa huitwa lenta ikiwa imeshamwagwa na kukauka. Akikuta hakuna nondo wala utepe wa chuma uliochomozwa wa kushikia kenchi, hufunga kwa misumari na kuomba Mungu. Fundi aliyesaini miaka 5 hawezi kukubali hivyo. Atafika eneo la ujenzi kabla zege halijamwagwa, akae na fundi mwashi, waelewane vishikizo vikae wapi. Ataweka skrubu kwenye kila mgongo wa bati pembezoni hata kama katikati anaruka. Atapima unene wa bati kabla ya kulipandisha, kwa kuwa bati jembamba kuliko ilivyoandikwa litamrudisha kwa gharama yake.

Masharti ndiyo yanayoziua waranti nyingi. Nyingine huondoa "majanga ya asili" kwa mkupuo mmoja, upepo ukiwamo. Kwa Singida karatasi hiyo haina thamani. Fundi aahidi kuhusu upepo, kisha aondoe mambo yasiyo yake: ukuta wenyewe ukianguka, mti ukiliangukia paa, au mtu mwingine akipanda kufunga dishi au sola na kutoboa bila kumwita. Kwenye nyumba za paa la kuficha, ambazo maji yote huishia kwenye mfereji wa ndani, ni haki kutaka mwenye nyumba ausafishe kabla ya kila msimu, na aandike hivyo.

Kuna wateja ambao karatasi hii ina uzito wa pekee kwao. Ni wenyeji wa Singida wanaoishi Dar es Salaam, Mwanza au nje ya nchi, wanaojenga Kiomboi au Ikungi kwa kutuma fedha kwa ndugu. Hawawezi kusimama na fundi, na mara nyingi ndugu anayesimamia hajui papi ni nini. Fundi anayemtumia mteja huyo picha za kila hatua kabla dari haijafungwa, pamoja na waranti yenye tarehe, saini na kifungu kwamba inaendelea hata nyumba ikiuzwa, anauza utulivu wa moyo. Kifungu hicho cha mwisho hakimwongezei gharama yoyote, kwani paa ni lilelile.

Anayetaka kwenda mbali zaidi aige miradi ya serikali, ambako sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiwa hadi kipindi cha matazamio kipite. Amwambie mteja: "Kaa na asilimia 10 ya ufundi wangu hadi mvua ziishe Aprili." Kwa fundi ambaye bado hana jina, hakuna njia ya kuaminiwa iliyo ya haraka kuliko hiyo.

Ila asiahidi milele. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. "Waranti ya maisha" kutoka kwa mtu mwenye namba ya simu tu ni upotoshaji. Karatasi iliyosainiwa ni mkataba, na kwa sheria ya ukomo ya Tanzania madai ya mkataba yanaweza kupelekwa mahakamani ndani ya miaka 6. Iandikwe kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja: jina la mtaa, aina na geji ya bati, tarehe ya kukabidhi, kinachoahidiwa, kisichoahidiwa, na ndani ya siku ngapi fundi atafika baada ya kupigiwa simu. Siku 7 zinatosha wakati wa kiangazi. Mvua zikiwa zinanyesha, ziwe 2.