Skrubu ikilegea, staa anakwenda chini

OKTOBA 1993, jijini Dallas, Marekani, Tonya Harding alisimama katikati ya programu yake kwenye mashindano ya Skate America. Hakuumia wala hakusahau hatua. Kisu cha chuma kilichofungwa chini ya kiatu chake kilikuwa kimelegea. Akamaliza wa tatu.

Miezi minne baadaye, Olimpiki ya Lillehammer, ikawa zamu ya kamba ya kiatu. Aliwaonyesha majaji mguu huku akilia, wakamruhusu aanze upya, lakini akaambulia nafasi ya 8. Wapenda udaku wanamkumbuka kwa sakata la Nancy Kerrigan kupigwa rungu mguuni. Mafundi wa viatu vya barafu wana sababu nyingine ya kumkumbuka.

Kwenye soka, stori ya skrubu ni tamu zaidi. Fainali ya Kombe la Dunia 1954 pale Bern, mvua inanyesha, Ujerumani Magharibi wakavaa daluga za Adi Dassler zenye meno ya kufungwa kwa skrubu. Hungary ya Puskas ikala 3-2.

Lakini mchezaji wa soka ana meno kadhaa chini ya kila mguu. Mchezaji wa barafuni anasimama juu ya chuma kimoja chenye unene wa milimita 4 hivi, na hicho chuma kikikaa upande, hakuna cha kumuokoa.

Kwa wanaoshindana, kiatu hununuliwa peke yake na kisu peke yake, kama vile vya John Wilson wa Sheffield, Uingereza. Seti nzuri inavuka dola 1,000. Halafu vinapelekwa kwa fundi, na hapo ndipo kazi ilipo.

Fundi anachora mstari kwenye soli, kuanzia katikati ya kisigino hadi mbele, kati ya dole gumba na kidole cha pili. Kisu kinalazwa kwenye mstari huo, mara nyingi kikiegemea ndani kidogo. Hafungi skrubu zote. Anaanza na zile za kwenye matundu marefu, ili chuma kiweze kusogezwa, kisha anamwambia mwenye kiatu: nenda kateleze.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Teleza kwa mguu mmoja, mstari ulionyooka. Mguu ukilalia ndani, kisu kinasogezwa ndani; ukilalia nje, kinasogezwa nje. Milimita 1 au 2 tu, basi. Mtu akishatulia kwa siku kadhaa, ndipo yanatobolewa matundu ya kudumu.

Kuna mtego mmoja. Chini ya kisu kuna makali mawili na mfereji katikati yake. Kikinolewa vibaya, kali moja likawa juu ya jingine, mchezaji atavutwa upande vilevile, na lawama itamwangukia aliyekifunga. Ndiyo maana fundi makini huweka kwanza kipande cha chuma kilichonyooka juu ya makali hayo na kuangalia kama kimelala sawa.

Wanaoumia zaidi ni watoto. Mtoto anayumba, anaambiwa vifundo vyake ni dhaifu, anapewa mazoezi wiki nzima, kumbe tatizo liko kwenye soli. Huo ni uonevu, sawa na kumpiga benchi straika kwa sababu daluga zake zimepinda.

Juu kabisa hesabu ni kali zaidi. Septemba 2022 kule Lake Placid, Ilia Malinin alikuwa wa kwanza kupiga akseli ya mizunguko minne na nusu kwenye mashindano. Mruko wa namna hiyo unatua kinyumenyume, mguu mmoja, kwenye kali la nje, na uzito unaoshuka ni mara kadhaa ya ule wa mwili. Vyote hivyo vinabebwa na skrubu fupi zilizong'ata soli.

Na soli nyingi ni za ngozi. Maji ya barafu yakiingia, ngozi inaoza, skrubu zinashika kutu, chuma kinaanza kucheza. Ndiyo maana soli hupakwa vanishi kabla ya kufungwa kisu, na kila baada ya mazoezi mchezaji hufuta maji na kukagua skrubu.

Matundu ya zamani huzibwa kwa vijiti na gundi, lakini kiatu kilichohamishwa kisu mara nyingi mno hugeuka chekecheo, na skrubu hazina tena pa kushika. Kiatu cha hivyo kinatundikwa kabla ya mwenyewe.